Ikague Injini Ingali Baridi

Je, wajua kwamba injini iliyolala usiku kucha hukueleza hali yake ndani ya dakika ya kwanza ya kuwashwa, na kwamba ikishapata moto sehemu ya maelezo hayo hupotea? Dalali anayekupokea gari likiwa tayari linaunguruma, "karibu bosi, sikiliza mwenyewe ilivyotulia," amekwisha kukunyima kipimo bora kuliko vyote, hata kama hakukusudia.

Tuchukue Toyota IST, gari lisilokosekana katika yadi za Kinondoni, Mwenge na Tegeta, wala kwenye vijiwe vya madalali Temeke na Mbagala. IST ya kwanza, ile iliyoundwa kati ya 2002 na 2007, ina injini ya 2NZ-FE yenye cc 1,298 au 1NZ-FE yenye cc 1,497. Hiyo 1NZ utaikuta pia ndani ya Probox, Raum, Spacio na baadhi ya Vitz. Ni injini nzuri: silinda nne, valvu kumi na sita, na mnyororo wa taimingi badala ya mkanda wa raba. Ikitunzwa hudumu sana. Tatizo ni kwamba mnunuzi wa pili au wa tatu hajui kama ilitunzwa.

Watu wengi huanza kwa kuuliza namba. "Hii ni namba D," mtu anasema, na bei inapanda. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa Tanzania lini, basi. Haisemi liliundwa mwaka gani Japani, wala oili ilibadilishwa mara ngapi. Kilomita nazo, hata zisiporudishwa nyuma, hazielezi kazi yote ya injini ya Dar es Salaam. Ikiwa kwenye sailensa, injini hii huzunguka takriban mara 700 kwa dakika. Saa moja kwenye foleni ya Kilwa Road ni kama mizunguko 42,000, na mita ya kilomita haijasogea. Gari lililokwenda mjini na kurudi Mbagala kila siku kwa miaka mitano limefanya kazi ambayo dashibodi haikuiandika popote.

Kwa hiyo nenda asubuhi mapema, na umwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Usitegemee kushika boneti, maana kwa jua letu boneti huwaka moto saa nne asubuhi hata kama gari halijaguswa tangu jana. Shika bomba la raba la juu ya rejeta, au chomoa stiki ya oili uiguse. Vikiwa vya moto, ahirisha hadi kesho yake.

Sababu iko kwenye metali. Pistoni za 1NZ ni za aluminiamu, na kuta za silinda ni ala nyembamba za chuma ndani ya bloku ya aluminiamu. Aluminiamu ikipashwa moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini ikiwa baridi, nafasi kati ya pistoni na ukuta huwa kubwa kuliko wakati wowote, na pistoni iliyolika hugonga. Ikitanuka, mlio huo hupungua au hunyamaza kabisa. Oili nayo imeshuka yote kwenye sampu usiku. Kitambo kile kifupi kabla pampu haijaipandisha, mnyororo uliolegea hukwaruza upande wa mbele wa injini. Mkwaruzo wa nukta moja au mbili usikutishe. Ukiendelea, mnyororo au kikazio chake kimechoka. Mtindo wa kumwaga oili nzito kuficha makelele na moshi unajulikana gereji zote, lakini asubuhi unajifichua wenyewe: oili nzito hupanda polepole, na mkwaruzo hurefuka.

Sasa simama nyuma ya bomba la moshi, mwenzako awashe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na wakati unapotoka ni muhimu kuliko rangi yake. Ukitoka wingu dogo pale pale linapowaka kisha ukapotea, shuku sili za valvu: raba zimekauka kwa umri na oili imechuruzika kuingia kwenye silinda usiku. Hilo fundi hulirekebisha bila kufumua injini nzima. Ukitoka bluu kila unapokanyaga mafuta, ringi za pistoni ndizo zimechoka, na hapo maneno ni mengine. Zile ala za chuma ni nyembamba, Toyota hawakuziunda zichongwe upya kwa pistoni kubwa zaidi. Ndiyo maana mafundi wetu mara nyingi hukushauri ununue injini nyingine iliyotumika kutoka Japani badala ya kufanya ovahoo. Bei ya gari unalopatana ihesabu hilo.

Mvuke mweupe wa asubuhi unaopotea haraka ni unyevu tu. Mweupe usiokwisha, wenye harufu tamutamu, ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda, kwa kawaida kupitia gasketi iliyoungua.

Hapa ndipo Dar inapoumiza injini zaidi. Gari likichemsha, fundi wa haraka hung'oa themostati akidai nchi ya joto haiihitaji. Si kweli. Themostati ya injini hii hufunguka karibu nyuzi joto 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto ililoundiwa. Bila hiyo injini hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta na kulika upesi, na kasoro iliyosababisha kuchemsha inabaki pale pale. Fungua kifuniko cha rejeta, lakini injini ikiwa baridi tu, kwa sababu ikiwa moto maji yale yana presha na yatakuunguza uso. Ukiona maji ya kutu badala ya kulanti, hapo aluminiamu imekuwa ikiliwa miaka mingi. Kisha tazama chini ya kifuniko cha oili na kwenye stiki: oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji.

Injini inayong'aa kwa kuoshwa asubuhi hiyo hiyo, nina shaka nayo pia. Vumbi na oili iliyoganda huonyesha panapovuja.

Kwa magari yaliyowahi kulala kwenye mafuriko ya bonde la Msimbazi, nyanyua kapeti, tafuta tope na kutu kwenye reli za viti. Maji hayabanwi kama hewa. Injini ikiyavuta, pistoni husimama ghafla na mkono unaoiunganisha na krenki hupinda. Gari linaweza kuwaka tena na kutembea miezi, hadi siku mkono unapokatika na kutoboa bloku.

Ukiridhika na ubaridi, lipeleke kwenye moto. Panda mlima wa Wazo ukiwa na watu ndani, rudi uingie foleni, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, uone mshale au taa ya joto. Taa ya injini nayo ni lazima iwake unapofungua swichi kabla ya kuwasha; isipowaka kabisa, huenda mtu ameizima makusudi. Mwisho, mwite fundi wako mwenyewe, asiwe wa dalali, achomoe plagi zote nne azilinganishe na apime kompresheni, silinda moja ikiwa chini ya wenzake itaonekana. Akiwa bado chini ya boneti, asome namba iliyochongwa kwenye bloku na wewe uishike kadi ya gari mkononi. Kadi inaandika namba ya injini. Zisipolingana, injini imewahi kubadilishwa, na mwenye gari akueleze ilikufa kwa nini na ile mpya ilitoka wapi.