Kompyuta mpya ilipougua Gitega, lawama zikapanda gari hadi Muyinga

MTU akinunua kitu kipya kikamharibikia mikononi, wa kwanza kulaumiwa huwa ni aliyemuuzia. Ndivyo nilivyofanya mimi mwaka 2023. Kabla sijajua ubovu uko wapi, jina la mama mmoja mfanyabiashara wa Muyinga lilikuwa limekwisha kuchafuka katika shule mbili za Gitega, na aliyelichafua ni mimi.

Ndugu msomaji, mimi ni mwalimu wa hisabati. Nilizaliwa Ulyankulu, mkoani Tabora, katika makazi ya Warundi waliokimbia mwaka 1972. Nilisoma huko hadi ualimu, nikarudi nyumbani mwaka 2009 na vyeti vya Tanzania na Kifaransa cha kuombea maji. Shuleni kwetu, ambayo ni shule ya binafsi hapa Gitega, kila chenye waya huletwa kwangu, kwa sababu enzi za ujana niliwahi kushika bisibisi katika kibanda cha fundi redio.

Mwaka huo wazazi walichanga faranga milioni moja na laki nne ili shule ipate kompyuta ya mezani ya kutunza alama na kuchapa buletini za wanafunzi. Mashine iliyounganishwa tayari dukani ilizidi fedha hizo. Nikasema, bila kuulizwa sana, kwamba tukinunua vipuri mimi nitaunganisha.

Vipuri vilitoka Muyinga. Wanaoifanya njia hiyo wanaijua: mzigo unatoka Kariakoo, unafika Kabanga upande wa Ngara, unavuka Kobero, kisha unatafuta soko. Yule mama naye ni mkimbizi aliyerejea. Aliishi katika kambi ya Mtabila, Kasulu, hadi ilipofungwa mwaka 2012, na sasa anauza simu, chaja na vifaa vya kompyuta. Sikuwa nimemwona kwa macho. Tulizungumza kwa simu, nikamtumia fedha, akanipakilia katoni kwenye gari la abiria linalopita Karuzi. Ndani yake mlikuwa na mazabodi ya aina ya H510, prosesa ya Intel ya kizazi cha 10, vipande viwili vya ramu vya gigabaiti 8 kila kimoja, diski, pawa saplai na kasha.

Niliunganisha usiku wa Jumamosi nyumbani kwangu Magarama. Umeme ulikatika katikati ya kazi, nikaendelea kwa tochi ya simu niliyoibana kwa meno. Uliporudi, nilibonyeza, feni zikazunguka, kioo kikawaka. Watoto walipiga makofi, nami nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Dalili zaanza

Ilifanya kazi siku tisa. Siku ya kumi ilijizima na kujiwasha yenyewe nikiwa naingiza alama za darasa la nane. Kesho yake kioo kiligeuka rangi ya buluu na kuleta maandishi ya makosa. Keshokutwa faili lenye alama za muhula mzima lilikataa kufunguka, na nakala niliyokuwa nayo kwenye flashi ilikuwa ya nyuma mno. Zilibaki siku kumi na moja wazazi waje kuchukua buletini.

Katika chumba cha walimu kila mtu aligeuka daktari. Mmoja alisema ni virusi. Mwingine alisema ni umeme wetu huu wa kukatika na kurudi kwa kishindo. Mkurugenzi alishuku karti meri, nikachukua dakika nzima kuelewa kwamba anazungumzia mazabodi. Kijana mmoja fundi wa simu alishauri tubadilishe kila kitu, ushauri ambao mafundi hawauchoki kwa kuwa fedha si zao.

Nilianza na umeme kwa sababu ndio rahisi kupima. Pawa saplai hutoa waya za rangi mbalimbali: wa manjano una volti 12, mwekundu 5, wa rangi ya chungwa 3.3, na kila mmoja unaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 5. Kwa ule wa manjano, basi, mita ikisoma kati ya 11.4 na 12.6 hakuna ugomvi. Yangu ilisoma 12.1, na nyingine zilikuwa sawa vilevile. (Kwa wale mnaovusha pawa saplai zilizotumika: nyingine zina swichi ndogo nyekundu kwa nyuma, ya 115 na 230. Iliyotoka Marekani huenda imeachwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo katika umeme wetu wa volti 220, utasikia mlio na kunusa harufu yake mara moja.)

Nikageukia virusi. Nilifuta diski nzima na kuweka Windows upya. Ilikwama njiani mara mbili, na kila mara ilikwama mahali tofauti. Hapo nikapata fununu. Kitu kinachokosea palepale kila mara aghalabu ni programu. Kinachokosea ovyo, leo hapa kesho pale, aghalabu ni kifaa.

Ipo programu iitwayo MemTest86, ambayo Chris Brady aliianzisha mwaka 1994. Huwekwa kwenye flashi na huwaka yenyewe bila Windows. Kazi yake ni kuandika namba katika kila chumba cha ramu, kisha kurudi kuzisoma. Ramu nzima ikirudisha ilichopewa, programu inapita kimya. Chumba kimoja kikirudisha kingine, unatokea mstari mwekundu. Niliiwasha saa mbili usiku. Robo saa haikupita, mistari ikajaa kioo kizima.

Nilizima, nikachomoa kipande cha ramu kilichokuwa kwenye sloti ya pili, nikarudia. Mizunguko minne, hakuna hata mstari mmoja. Nikasema moyoni, mwizi nimemkamata.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilipochomoa kile kipande, vitu viwili vilitoka kazini kwa pamoja: kipande chenyewe na sloti yake. Kipimo kilikuwa kinasema ubovu uko katika kimojawapo kati ya hivyo viwili, nami nikasikia kimoja. Watoto wangu darasani nawaambia kila mwaka kwamba mlinganyo mmoja wenye herufi mbili hauwezi kukupa jibu moja, na anayeleta jibu moja namkata alama. Kilichobaki kilikuwa kazi ya dakika tano tu: kukiweka kile kipande kwenye sloti ya kwanza, na kile kizuri kwenye sloti ya pili. Lakini ilikuwa saa saba usiku, na jibu nililokuwa nalo lilinifaa, kwa sababu lilisema kwamba aliyeunganisha hana kosa.

Asubuhi nilisimama mbele ya walimu nikasema: "Yule mama ametuuzia kanyaboya."

"Watu wa kutoka Tanzania ndivyo walivyo," akajibu mwenzetu mmoja, na chumba kizima kikacheka. Nikacheka nao. Mimi, niliyekuwa naitwa Mtanzania katika chumba hichohicho kila nilipokosea Kifaransa.

Alikuwapo mgeni siku hiyo, mwalimu wa shule ya jirani. Shule yao ilikwisha kuagiza mashine nne kwa mama yuleyule. Kabla ya saa sita mchana oda ilifutwa.

Usiku mmoja Muyinga

Nilifika Muyinga Ijumaa alasiri, kipande cha ramu kimefungwa katika karatasi yake ya kung'aa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, hata maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Karuzi.

"Karibu mwalimu," alisema yule mama, akinivutia stuli. "Habari zako zimefika kabla yako."

Hakupandisha sauti. Alikipokea kile kipande, akakitazama kama mtu anavyotazama noti, akamkabidhi kijana wake. Pale dukani wana mashine ya majaribio, iko wazi juu ya meza bila kasha, kwa ajili ya kupimia bidhaa kabla hazijaondoka. Wakaiwasha kwa programu ileile niliyoitumia mimi. Niliomba iachwe usiku kucha, wakakubali, nikalala kwa ndugu yangu.

Asubuhi kioo kilikuwa safi kama kilivyoachwa. Mizunguko imepita, makosa sifuri. Kijana akakihamishia kwenye sloti nyingine, tukasubiri tena hadi adhuhuri. Sifuri.

Ndipo mama akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Mwalimu, kule kwako ulikihamisha, au ulikitoa tu?"

Nilinyamaza. Nikasema nilikitoa tu.

"Basi nenda ukakihamishe," akasema, akarudi kuhudumia wateja.

Njiani nilikuwa na muda mrefu wa kufikiri. Usiku huo Magarama nilifanya kile nilichopaswa kufanya wiki iliyotangulia. Kipande kilichotoka Muyinga, sloti ya kwanza: safi. Kile cha kwanza, ambacho nilikuwa nakiamini kama mtoto wangu, sloti ya pili: mistari myekundu. Ubovu haukufuata ramu. Ulibaki mahali pake.

Sloti yenyewe ni plastiki na shaba, na kwa macho haikuwa na dosari. Ila katika prosesa za siku hizi kidhibiti cha ramu kimo ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo njia za sloti zinapita kwenye ubao hadi chini ya prosesa, zinakutana nayo kwa vijipini. Soketi ya kizazi hicho ina vijipini 1200, kila kimoja chembamba kuliko unywele wa ng'ombe. Nilifungua, nikaazima lenzi ya somo la biolojia, nikamulika kwa upande. Karibu na ukingo kijipini kimoja kilikuwa kimelala, kinamgusa jirani yake kama mlevi.

Nikakumbuka ule usiku wa Jumamosi. Umeme ulikatika prosesa ikiwa vidoleni mwangu. Ilinichoropoka kidogo, nikaiokota upesi, nikaiweka, nikafunga lachi. Hakuna aliyeona zaidi yangu, na mimi mwenyewe nilichagua kutoona.

Baadaye nilisoma habari za mwalimu mwenzangu wa hisabati huko Marekani, Thomas Nicely wa Chuo cha Lynchburg, jimbo la Virginia. Juni 1994 aligundua kwamba hesabu zake za namba tasa zinatofautiana. Mashine yake ilikuwa na prosesa mpya ya Pentium. Angeweza kupiga kelele siku hiyohiyo, na angekuwa sahihi. Yeye alishuku kwanza programu yake, kisha mazabodi, akajaribu mashine nyingine, na ilipofika Oktoba, miezi minne baadaye, ndipo akawaandikia Intel. Desemba mwaka huo kampuni ilikubali kubadilisha prosesa hizo, na hasara yake ilifika dola milioni 475. Mimi mshukiwa wangu nilimhukumu kati ya saa saba usiku na saa moja asubuhi.

Kijipini nilikinyoosha kwa sindano ya kushonea, nikiwa nimeshikilia pumzi. Sipendekezi mtu ajaribu. Kikikatika hakiungi, na waranti haihesabu kosa la aina hiyo kuwa la kiwanda. Ndiyo sababu mazabodi mpya huja na kifuniko cha plastiki juu ya soketi, ambacho wengi wetu hukitupa. Kitunzeni, hasa ninyi mnaovusha mazabodi zisizo na prosesa. Mnunuzi akifungua mbele yenu akaona vijipini vimesimama sawasawa, hawezi kuja wiki ijayo na hadithi nyingine.

Sloti zote mbili zilipita usiku mzima. Alama tuliziingiza upya kutoka kwenye madaftari ya walimu, usiku tatu mfululizo, na buletini zilitoka siku iliyopangwa.

Kuomba radhi kulinichukua muda zaidi. Katika chumba cha walimu nilisema yote, pamoja na habari ya prosesa kuniponyoka, na safari hii hakuna aliyecheka. Nilikwenda shule ya jirani, mkurugenzi wao akanisikiliza kwa adabu, akanionyesha mashine nne walizokwisha kununua Bujumbura. Kisha nikarudi Muyinga na barua yenye muhuri wa shule, inayosema kwamba vipuri vyote alivyotuuzia vilikuwa vizima.

Mama aliisoma mara mbili. Akaisukuma chini ya kioo cha kaunta, mahali ambapo mteja anaweza kuiona.

"Zile nne zingenilipia ada ya watoto wawili," alisema. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nauli ya safari zote mbili sikuidai shuleni.