Chekecheke la Debe

Je, umewahi kujiuliza kwa nini gunia la mahindi laweza kukataliwa kwenye ghala la Bodi ya Nafaka, liwe la Kitale au la Bungoma? Unyevu ukizidi asilimia 13.5 hayachukuliwi, lakini hilo ni la jua na turubai. Hata mahindi makavu yakijaa vipande na vumbi, yana neno.

Punje huvunjika tunapoyapiga mahindi kwa fimbo, au mashine ya kupukuchua inapokwenda mbio mno. Ganda likishapasuka, kuvu huingia bila hodi. Aina fulani za kuvu hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka wa 2004, huko Ukambani na maeneo jirani, watu 317 waliripotiwa kuugua kwa sumu hiyo, na 125 wakafariki. Kuyapika mahindi hakuiondoi.

Basi tutengeneze chekecheke. Tafuta debe la mafuta ya kupikia (si la rangi wala dawa ya ng'ombe, tafadhali!), ulikate na kulinyoosha. Litoboe juu ya gogo kwa msumari wa inchi 4, matundu yakaribiane. Tundu la kwanza lijaribu kwa punje ndogo nzima. Ikipita, tumia msumari mwembamba zaidi. Toboa kutoka upande utakaokuwa juu, ili kingo kali zitokeze chini, la sivyo utajikata vidole. Pigilia bati hilo kwenye fremu ya mbao. Fremu ya pili iwekee wavu wa dirisha wa kuzuia mbu, ikae chini ya ile ya kwanza. Chini kabisa tandika turubai.

Mwaga nusu gorogoro tu. Wengi hujaza pomoni, na vipande vya juu havifikii matundu kamwe. Sasa tikisa, kwenda na kurudi. Vidogo hupenya katikati ya vikubwa na kushuka. Kipande kirefu kikilala hakipiti. Hupita kikisimama wima, ndiyo maana mtikiso hushinda nguvu. Punje nzima hubaki juu, vipande na fukusi hukwama kwenye wavu, vumbi huanguka.

Ungo wa mama zetu haujafukuzwa kazi, lakini. Ungo na upepo huondoa makapi kwa wepesi wake. Chekecheke hutazama ukubwa tu. Punje nzima iliyooza hubaki na wenzake, kwa hivyo iokote kwa mkono.

Na vile vipande? Wengi huwamwagia kuku. Vyenye kuvu usiwape: aflatoksini huharibu ini la kuku, na ng'ombe akila, sumu hufika kwenye maziwa. Vifukie shimoni.