Hitilafu za Vipindi kati ya Tovuti na Hifadhidata: Dalili, Chanzo na Tiba

1. Utangulizi

Programu ya tovuti hupokea ombi la msomaji, huiuliza hifadhidata, ambayo mara nyingi hukaa katika seva nyingine, kisha humrudishia msomaji jibu. Njia ipitayo kati ya programu na hifadhidata ndiyo inayoitwa muunganisho. Njia hiyo ikikatika kabisa, tatizo hujulikana mara moja. Ugumu huanza pale inapokatika na kurudi: msomaji mmoja hupata kosa, wa pili hupata jibu, na fundi akija kutazama hukuta mambo yote yako sawa.

Chukuliwe mfano wa kamusi iliyowekwa kwenye intaneti, ambamo watafiti huingiza maneno waliyoyakusanya vijijini. Mtafiti anayebonyeza kitufe cha kuhifadhi na kupata kosa hajui kama neno lake limeingia au limepotea. Akiambiwa kuwa ni bahati mbaya, atarudia daftari lake la karatasi, na kamusi itakosa maneno yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hitilafu ya namna hii mara nyingi ina ratiba yake, na kwamba ratiba hiyo huelekeza kwenye chanzo.

2. Akiba ya miunganisho

Kufungua muunganisho mpya huchukua muda, kwa kuwa pande mbili hupaswa kwanza kutambuana. Kwa sababu hiyo programu nyingi huweka akiba ya miunganisho iliyokwisha kufunguliwa. Kila ombi huazima mmoja, huutumia na kuurudisha, kama vitabu vya maktaba. Hitilafu tatu zinazoonekana sana hutokana na utaratibu huo: muunganisho ulioazimwa umekwisha kufa, au yote imeazimwa kwa pamoja, au iliyoazimwa hairudishwi.

3. Hitilafu ifuatayo ukimya

Hifadhidata ya MySQL, isipobadilishwa mpangilio wake, hufunga muunganisho uliokaa kimya kwa sekunde 28,800, yaani muda wa saa 8. Kamusi iliyotumiwa mara ya mwisho saa 12 jioni itakuwa imefungiwa miunganisho yake ifikapo saa 8 usiku. Programu isiyokagua akiba yake haina habari. Msomaji wa kwanza wa asubuhi hukabidhiwa muunganisho mfu na kupata kosa, mara nyingi lile la namba 2006. Baada ya majaribio machache mambo hurejea sawa.

Vifaa vya mtandao vilivyo katikati ya njia navyo huweza kuusahau muunganisho ulio kimya, pengine baada ya dakika chache tu. Mfumo wa Linux hautoi msaada wa haraka hapo, maana kwa kawaida hungoja sekunde 7,200 kabla ya kutuma ishara ya kwanza ya kuuliza kama upande wa pili bado upo, na hiyo ni pale tu programu ilipoomba ishara hizo. Tiba ni mbili: muunganisho usiruhusiwe kukaa kimya katika akiba kwa muda unaozidi ule unaovumiliwa njiani, na ujaribiwe kwa swali dogo kabla ya kuazimwa.

4. Hitilafu ya saa za msongamano

MySQL, kwa mpangilio wake wa asili, huruhusu miunganisho 151 ya watumiaji wa kawaida. PostgreSQL huruhusu 100, na michache kati ya hiyo hutengewa msimamizi. Tuseme programu ya kamusi inaendeshwa kwa nakala 8, kila moja ikiwa na akiba isiyozidi miunganisho 20. Jumla inaweza kufika 160. Siku ya kawaida akiba hazijai. Siku ya watu wengi MySQL hukataa ombi la 152 kwa kosa namba 1040.

Wengi hukimbilia kuongeza kikomo. Lakini PostgreSQL huanzisha mchakato wake wa pekee kwa kila muunganisho, na kila mmoja hula kumbukumbu ya seva. Yafaa kwanza kupunguza akiba ya kila nakala, au kuweka mpatanishi kama PgBouncer, anayegawa miunganisho michache kwa wateja wengi.

5. Hitilafu inayokua

Aina ya tatu huongezeka saa hadi saa, hata kama wasomaji si wengi, na hupona programu inapowashwa upya. Hiyo ni dalili ya uvujaji: mahali fulani programu huazima muunganisho, hukumbwa na kosa, na kutoka bila kuurudisha. Tiba ni kuandika programu ili muunganisho urudishwe katika hali zote, ya kufaulu na ya kushindwa.

6. Utaratibu wa uchunguzi

Kabla ya kuwasha upya chochote, saa ya kila kosa iandikwe, pamoja na idadi ya miunganisho iliyo wazi wakati huo. Katika MySQL amri ya SHOW PROCESSLIST huionyesha. Katika PostgreSQL jedwali la pg_stat_activity hutoa habari hiyo. Anayewasha upya kwanza hufuta ushahidi.

Kurudia ombi kunataka uangalifu. Swali la kusoma laweza kurudiwa bila madhara. Ombi la kuandika ni tofauti: muunganisho ukikatika kabla ya jibu kufika, huenda neno limekwisha kuhifadhiwa, na kulirudia ni kuliandika mara mbili. Kwa hiyo kila ingizo lipewe namba ya pekee, nayo hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kupokelewa.

7. Hitimisho

Dalili ya mvua ni mawingu. Kosa la baada ya ukimya, kosa la saa za watu wengi na kosa linalokua polepole humfikia mtafiti kwa sura moja, ilhali kila moja lina tiba yake. Kinachoyatenganisha ni wakati. Fundi anayeandika nyakati hizo atajua pa kuanzia, na mtafiti atapata jibu la uhakika juu ya neno lake.