Samaki wa bwawa wana homoni. Je, mtoto ale?

Huenda nawe ni miongoni mwa wazazi wa Karatu au Ngorongoro walioacha kumpa mtoto sato wa bwawa, kwa kusikia kwamba samaki hao hulishwa homoni na binti akiwala huota matiti mapema. Leo tulitazame jambo hilo.

Kwanza, kila samaki ana homoni zake za uzazi, kama ulivyo wewe. Ubongo wake hupokea taarifa za joto la maji na urefu wa mchana, kisha huiamuru tezi ya pituitari itoe homoni zinazoamsha korodani au mifuko ya mayai. Ndiyo maana maji yakiwa ya baridi, sato hupunguza kuzaa au huacha kabisa.

Hata hivyo, hofu hiyo ina chanzo. Sato huzaa mapema na kwa wingi, bwawa likajaa samaki wadogo wasiokua. Dume hukua haraka kuliko jike. Kwa hiyo baadhi ya wazalishaji huwapa vifaranga wachanga chakula chenye homoni ya kiume, methiltestosteroni, kwa wiki 3 hadi 4, ili karibu wote wawe madume. Baada ya hapo homoni hiyo hutoka mwilini mwao ndani ya siku au wiki chache, na samaki huvuliwa miezi mingi baadaye. Perege wa Ziwa Eyasi, wanaojizalia wenyewe ziwani, hawajalishwa homoni hiyo.

Hatari iko kwenye chakula chenyewe cha vifaranga. Ukikishika, vaa glavu na barakoa. Mjamzito asikiguse, maana homoni ya kiume inaweza kumdhuru mtoto wa kike aliye tumboni. Kifungie mbali na watoto.

Kosa kubwa zaidi ni kumlaumu samaki na kuchelewa hospitali. Binti akiota matiti kabla ya miaka 8, au mvulana akianza kubalehe kabla ya miaka 9, mpeleke akapimwe. Chanzo kinaweza kuwa uvimbe kwenye ubongo au ovari, tatizo la tezi, au dawa na krimu zenye homoni zilizopo nyumbani; mtajie daktari zote. Akichelewa, mifupa huweza kukomaa mapema akabaki mfupi.

Samaki mpikie aive vizuri, mchambulie miiba, mtoto ale.