Tupunguze uzio, bustani ipate jua

Wiki hii tunazungumza juu ya uzio wa mbao unaozunguka bustani ya nyuma ya nyumba. Hapa Luofu na katika vijiji vya jirani, wengi wetu tulijenga uzio mrefu kupita kichwa cha mtu. Tulitaka kuzuia mbuzi, mwizi na macho ya wapita njia. Sasa tunaona kwamba uzio ule unatunyima mambo mawili: jua la mboga na macho ya jirani.

Jambo hili si dogo. Tangu vita ya 2024, familia nyingi za kusini mwa Lubero zimehama, nyingine zimerudi, nyingine zingali njiani. Siku ambazo barabara ya shamba la mbali haina usalama, bustani ya nyumbani ndiyo inayotoa lengalenga, shu, poro na karoti za kuweka chunguni. Bustani ikikaa kivulini, watoto wanalala na njaa.

Hapa kwetu ikweta iko karibu, kwa hiyo saa sita ya mchana jua linapita karibu juu ya kichwa na kivuli kinakuwa kifupi. Shida iko asubuhi na jioni. Saa mbili ya asubuhi, uzio wa mita 2 ulio upande wa mashariki unatupa kivuli cha mita 3 na nusu hivi ndani ya bustani. Saa kumi ya alasiri, uzio wa magharibi unafanya vilevile kwa upande wake. Bustani yenye upana wa mita 5 inabaki na masaa machache tu ya jua kamili. Ukipunguza uzio hadi mita 1 na sentimita 20, kivuli kile cha asubuhi kinakuwa cha mita 2 hivi. Basi anza na pande hizo mbili, mashariki na magharibi. Upande wa kaskazini na wa kusini unaweza kungoja.

Kuna sababu nyingine. Katika milima yetu umande ni mwingi na ukungu unachelewa kuondoka. Majani yanayokaa na maji muda mrefu yanashikwa haraka na mildiu, ugonjwa ule unaokausha viazi na nyanya. Jua la asubuhi na upepo mdogo vinakausha majani mapema. Uzio mrefu wa mbao zilizobanana unazuia vyote viwili.

Mama mmoja anaweza kuuliza: na mwizi je? Tufikiri pamoja. Mwizi akisharuka uzio mrefu, nani atamwona? Uzio unamficha kama unavyotuficha sisi. Uzio unaofika kifuani unaacha jirani aone mtu asiyejulikana, asikie mtoto akilia, aone moshi usio wa jikoni. Watu wa Luofu hawajasahau mwezi wa nne wa 2009, wakati nyumba zilichomwa usiku na watoto wakafia ndani. Hatusemi kwamba uzio mfupi unazuia watu wenye silaha. Tunasema kwamba siku ya hatari, msaada wa kwanza ni wa yule anayeishi upande wa pili wa mbao. Inafaa akuone, nawe umwone.

Sehemu moja tusiiguse: choo na mahali pa kuogea. Pale mbao zibaki ndefu, ili binti zetu na sisi wenyewe tuwe na heshima na usalama. Na kama mbuzi wa jirani ni warukaji, au ng'ombe wanapita kando ya parsele yako, usishuke chini ya mita 1 na sentimita 20.

Kabla ya kushika msumeno, nenda kwa jirani. Uzio uliosimama kwenye mpaka mara nyingi unahusu nyumba mbili, hata kama mbao zilinunuliwa na mmoja. Mweleze unachotaka kufanya, na mwonyeshe kwa kamba kimo kipya. Mkikosa kuelewana, mwiteni nyumba kumi awasikilize kabla neno halijawa kubwa. Nguzo zisihamishwe hata kidogo, kwa sababu nguzo iliyosogezwa ni mwanzo wa kesi ya mpaka.

Kisha tazama miguu ya uzio. Mbao na nguzo, hata za mti wa kalitusi, zinaanza kuoza pale udongo unapokutana na hewa. Choma kwa kisu: kikiingia kwa urahisi, pameoza. Hapo ndipo penye faida. Kama sehemu ya juu ya mbao ni nzima na ya chini imeoza, usikate juu. Ng'oa mbao, kata ile sehemu iliyooza, kisha uzipigilie tena, zikiwa sentimita 5 juu ya udongo. Uzio unakuwa mfupi na unapata maisha mapya kwa kazi moja. Nguzo iliyooza mguu haisaidiwi na kukatwa juu. Iwekwe nyingine katika shimo lilelile.

Kama miguu ni mizima, kata juu. Pima kutoka chini kwenye kila nguzo, weka alama, funga kamba kutoka alama hadi alama. Parsele ikiwa kwenye mteremko, shusha kamba kwa ngazi, nguzo kwa nguzo, ili uzio usiwe mrefu upande mmoja na mfupi upande mwingine. Ule ubao wa kulala unaoshika mbao kwa juu uteremshwe kwanza, upigiliwe sentimita 20 hivi chini ya kamba. Ukikata kabla ya kuushusha, mbao zitabaki bila kitu cha kuzishika. Nguzo zikatwe kwa mshazari, maji ya mvua yateleze. Nguzo iliyokatwa bapa inakunywa maji na kuoza kutoka juu.

Misumari ndiyo hatari kubwa ya siku hiyo. Weka kopo kando, na kila msumari unaong'olewa uingie humo. Inayonyooka itatumika tena. Watoto wakae mbali mpaka ardhi ipekuliwe yote. Mtu akichomwa na msumari, oshwe kwa maji mengi na sabuni, kisha apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, kwa sababu pepopunda inaingia kwa kidonda kidogo. Huko aulizwe kama chanjo yake imekamilika.

Vipande vinavyobaki ni mali. Vizuri vinatosha kutengeneza kibanda cha kuku, benchi la jikoni, au kingo za tuta la mboga ili mvua isichukue udongo. Vibovu ni kuni. Lakini mbao zilizopakwa rangi au mafuta machafu ya gari zisiingie jikoni, maana moshi wake ni mbaya kwa mapafu ya mama na ya mtoto aliye mgongoni. Zisiwekwe pia kwenye tuta la mboga.

Kazi hii haihitaji pesa nyingi. Msumeno mmoja, nyundo, kamba na mikono minne vinatosha kwa upande mmoja wa parsele. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi chenye msumeno mmoja kinaweza kuzunguka, leo kwa huyu, kesho kwa yule, kama tunavyofanya siku ya salongo. Tuanze kwa wajane na kwa mama wazee, ambao bustani yao ni ndogo na hawana kijana wa kuwakatia. Siku uzio wao unaposhuka, tuwapandie pia tuta moja la lengalenga pale palipokuwa na kivuli. Baada ya wiki nne hivi, wataanza kuchuma.