Ada za ardhi: Mzee mwenye nyumba asiye na pesa afanyeje?

Mzee anaweza kuwa na nyumba Mvita yenye thamani ya mamilioni na akakosa pesa za kununua dawa. Nyumba aliirithi kwa wazazi. Kipato hana ila kile anachotumiwa na watoto. Kila mwaka kaunti inamdai ada za ardhi, na kwetu hesabu yake mara nyingi hufuata thamani ya kiwanja, si uwezo wa mwenyewe.

Kifungu cha 209 cha Katiba kimezipa kaunti uwezo wa kutoza ada hizi, na huduma za mji zinazitegemea. Hatuwezi kusema zifutwe tu. Dawa tuliyoizoea ni msamaha: lipa deni lote kabla ya tarehe fulani, usamehewe riba na faini. Huo humfaa mwenye pesa aliyechelewa. Asiyekuwa na hata lile deni la asili, haumsaidii kitu.

Wenzetu wengine wana njia ya kuahirisha. Katika jimbo la California, Marekani, mwenye nyumba aliyefika miaka 62 na ambaye kipato chake ni kidogo anaweza kuomba jimbo limlipie. British Columbia, Canada, umri unaanzia miaka 55. Serikali ya mji inapata pesa zake, mzee anabaki kwake, na deni linaandikishwa juu ya nyumba. Hulipwa nyumba inapouzwa au mwenyewe anapofariki.

Lakini mpango huu una gharama. California iliusitisha mwaka 2009 hazina ilipokauka, na maombi yakaanza kupokewa tena 2016. Bila mfuko maalum, ahadi hii haidumu.

Kwetu Waislamu pana mwiba mwengine: deni hilo huko hutozwa riba. Tukiuiga mpango, tuuchukue bila riba. Kaunti itoze ada ndogo ya kuandikisha, ya mara moja. Na familia zielewe mapema kwamba katika mirathi deni hulipwa kwanza, ndipo warithi wagawane. Mtoto asije akashtuka matanga hayajaisha.

Kabla ya sheria kama hiyo kuja, yapo ya kufanya. Mwenye malimbikizo aende ofisi ya mapato ya kaunti aombe kulipa kidogo kidogo, na makubaliano yawe kwa maandishi. Risiti zote ziwekwe pamoja na hati ya nyumba. Na mswada wa fedha wa kaunti unapoletwa kwa wananchi watoe maoni, wazee wetu wasiachwe nyumbani. Tuwapeleke, na mwakilishi wadi aulizwe mbele yao: asiye na kipato amewekewa nini humu?