Paddington (eneo la uchaguzi la London)

Paddington lilikuwa eneo la uchaguzi la Halmashauri ya London Kubwa nchini Uingereza kuanzia mwaka 1973 hadi halmashauri hiyo ilipofutwa mwaka 1986. Lilikuwa katika mtaa wa Westminster, magharibi mwa katikati ya jiji, na lilichagua diwani mmoja.

== Asili ==
Katika chaguzi za 1964, 1967 na 1970 kila mtaa wa London ulihesabiwa kuwa eneo moja na kuchagua madiwani kadhaa kwa pamoja. Mwaka 1973 utaratibu ulibadilishwa: jiji liligawanywa katika maeneo 92 yaliyofuata mipaka ya majimbo ya ubunge, kila moja na diwani wake. Tangu hapo eneo lenye ushindani mkali liliweza kuamua nani atawale jiji zima.

== Chaguzi ==
Mwaka 1977 Wahafidhina walipata viti 64 kati ya 92, kikiwemo cha Paddington. Tarehe 7 Mei 1981 kiti hicho kilichukuliwa na Ken Livingstone wa chama cha Labour, aliyewahi kuwa diwani wa Norwood na kisha wa Hackney North and Stoke Newington. Labour ilipata viti 50, Wahafidhina 41 na Waliberali 1. Siku iliyofuata madiwani wa Labour walimwondoa kiongozi wao, Andrew McIntosh, wakamchagua Livingstone. Hivyo diwani wa Paddington akawa kiongozi wa halmashauri.

== Uchaguzi mdogo wa 1984 ==
Halmashauri iligongana mara nyingi na serikali ya Margaret Thatcher, hasa kuhusu matumizi ya fedha. Mwaka 1983 Wahafidhina waliahidi kuifuta, na mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya kuondoa uchaguzi wa halmashauri uliotarajiwa 1985.

Kwa kupinga hatua hiyo, Livingstone na madiwani wenzake watatu wa Labour walijiuzulu ili wapiga kura wenyewe watoe uamuzi. Uchaguzi mdogo ulifanyika Septemba 1984 katika Paddington, Edmonton, Lewisham West na Hayes and Harlington. Wahafidhina hawakusimamisha wagombea. Labour ilirudisha viti vyote vinne, lakini kwa kuwa mpinzani mkuu hakuwepo, ushindi huo haukuweza kupima kikamilifu maoni ya wananchi, wala haukuizuia serikali.

== Mwisho ==
Bunge lilipitisha sheria ya kufuta halmashauri mwaka 1985, na ilikoma usiku wa 31 Machi 1986. Kazi zake ziligawanywa kati ya serikali kuu, mitaa na bodi mbalimbali. London ilikaa miaka 14 bila chombo cha kuchaguliwa cha jiji zima, hadi mwaka 2000. Mwaka huo Livingstone, akiwa mgombea binafsi, alichaguliwa kuwa meya.